Baisikeli Nje ya Boma

Nekesa mwanangu,

Mama yako amekupeleka Malava kusukwa nywele, na mvua ya saa tisa imeshaanza kupiga mabati, kwa hiyo najua hamtarudi upesi. Nimekaa kwenye meza ya kulia na kalamu yako, ile ya bluu, ambayo nimeitoa kwenye sanduku lako bila ruhusa. Nitairudisha.

Mambo ya blanketi, ya kufua soksi, ya kutokula chipsi kila siku huko chuoni Nakuru, mama yako ameshayasema na kesho kituoni atayarudia. Mimi nina jambo moja tu, nami nimelificha miaka minne. Nikianza na mwisho wake utaikunja barua hii usiimalize, kwa hiyo naanza na chanzo chake, ambacho ni kibaya vilevile: baba yako ni mtu mwenye wivu.

Jumapili ulikwenda kumuaga Mwalimu Justus. Ulisema unapita tu. Nilikuwa nikikata ua pale mbele, nikawa naangalia njia. Ulikaa kwake tangu watu walipotoka kanisani mpaka kuku wetu wakaingia kulala, kisha ukarudi unacheka peke yako na kitabu chake mkononi. Nilikata ua ule mpaka ukabaki mfupi kuliko wa jirani. Mama yako aliniuliza ua umenikosea nini. Sikumjibu, lakini wewe nakujibu: niliona wivu. Nilimwonea wivu mtu mzima mwenzangu, mwalimu mstaafu mwenye goti bovu, kwa sababu binti yangu alimuaga kwa saa nne. Nilikuwa najua kwamba mimi bado hujaniaga, kwamba kesho ndiyo siku yangu. Wivu hausikii maneno kama hayo.

Haukuanza Jumapili. Ulianza na baisikeli.

Ulipokuwa mdogo, mimi ndiye niliyekuwa nikitumwa. Mtu wa hapa akifia mbali, labda Eldoret, labda Mombasa, habari ilifika kwa wazee kwanza, nao wakasema, "Mwiteni Baba Nekesa." Niliacha panga langu shambani, nikaosha uso, nikapanda baisikeli. Kazi ile haikuwa na mshahara, lakini hakuna kazi nyingine niliyowahi kuijua vizuri namna ile. Hata kusimamia wakataji wa miwa sikuijua hivyo.

Ilikuwa na utaratibu wake. Baisikeli unaiegemeza nje ya boma, huingii nayo. Kengele hupigi. Unabisha, unasalimia watu wote mpaka watoto, unaomba maji ya kunywa ingawa huna kiu. Huku ukinywa unatazama: huyu mama ana mzigo kichwani? Yuko karibu na moto? Amebeba mtoto? Ukiona ameketi, unasema, "Baba wa hapa ni mgonjwa kidogo. Wametaka uje." Kisha mnatembea, wewe ukisukuma baisikeli. Mkifika kwenye kijito, lile neno "kidogo" unaliacha. Mkifika kanisani, ni mgonjwa sana. Mkikaribia nyumba ya watu wake, yeye mwenyewe atasimama akuulize, nawe hapo humdanganyi. Unaangusha baisikeli na kumshika mikono. Nimewashika wengi, mama. Hakuna aliyewahi kuanguka peke yake.

Mmoja wao alikuwa Mama Wycliffe. Mume wake alifia Webuye, Wycliffe akiwa bado shule ya msingi. Nilimtembeza kutoka kwake mpaka kwa shemeji zake, na aliponiuliza tulikuwa tumefika kwenye mti wa mpera. Aliniita ndugu yake tangu siku hiyo.

Halafu zikaja simu za kioo, na Mwalimu Justus akastaafu na kufungua ule ukurasa wake mtandaoni. Unaukumbuka. Habari za barabara iliyokatika, ng'ombe aliyepotea, siku ya chanjo, nani amefariki na mazishi ni lini. Watu wa kwetu walioko Nairobi na hata Uarabuni wakawa wanausoma. Siku moja nilitumwa kwa mkwe wa mzee fulani. Nikaegemeza baisikeli nje, nikabisha, nikaomba maji. Yule mkwe akanitazama kwa huruma, akasema, "Tumeshaona kwa simu, Baba Nekesa. Lakini karibu chai." Nilikunywa ile chai. Mpaka leo naisikia kooni.

Nikauza mbuzi, nikanunua simu ya kioo. Mama yako alidhani nataka kusikiliza mahubiri.

Justus alinifundisha kuitumia, akiwa na subira ambayo iliniudhi zaidi. Kisha akafanya jambo ambalo mtu mwema tu ndiye angelifanya: alinipa paswadi ya ukurasa wake. "Wewe unajua watu, mimi najua simu," aliniambia. "Tusaidiane." Mimi nilisikia kwamba ananionyesha alivyo navyo. Alikuwa na masharti. Jina la mtu halitajwi mpaka jamaa zake wamefikiwa na mtu kwa miguu. Sura ya majeruhi haiwekwi. Kukiwa na ajali, kitu cha kwanza kuandika ni njia gani iachwe wazi, si nani ameumia. Nilikuwa nikiitikia kwa kichwa, na moyoni nasema, huyu anataka nichelewe ili yeye abaki wa kwanza.

Masharti yale, Nekesa, yalikuwa kazi yangu ya baisikeli imeandikwa upya. Sikuitambua kwa sababu ilikuwa imeandikwa na yeye.

Sasa nakuja kwenye ile siku. Ulikuwa kidato cha pili.

Nilikuwa shambani na wakataji, ng'ambo ya kona, asubuhi ya jua kali. Tulisikia kishindo, halafu kelele. Simu yangu ikalia. Alikuwa mjomba wake Wycliffe, yule wa kupakia miwa pamoja naye. Alikuwa anahema. "Baba Nekesa, trekta imeanguka hapa kona. Wycliffe ni mgonjwa kidogo. Ona vile utaambia mama yake."

Wewe umezaliwa hapa. Hebu niambie ulivyosikia.

Nami nilisikia vivyo hivyo. Mgonjwa kidogo. Neno langu mwenyewe, nililolitumia miaka na miaka. Sikumwuliza hata swali moja. Kwetu huulizi, maana ukiuliza unamlazimisha mwenzako aseme. Nilichukua baisikeli, nikakimbia nayo mpaka kona. Trela lilikuwa limelala ubavu, miwa imefunika barabara yote, watu wamejaa upande wa pili wa trela wakivuta kitu. Kwa upande wangu niliona buti la mpira la Wycliffe, lile la njano, peke yake katikati ya miwa.

Wakati huo huo nikamwona Justus anakuja kutoka kwake, anachechemea na lile goti, simu mkononi.

Nakwambia kweli yote. Sikumfikiria Wycliffe. Sikumfikiria mama yake, aliyeniita ndugu. Nilifikiri: safari hii hanipiti. Baisikeli ilikuwa mkononi, na kwa Mama Wycliffe si mbali. Nikaiegemeza kwenye miwa, nikatoa simu, nikapiga picha ya trela na lile buti, nikaandika, "Wycliffe wa Mama Wycliffe hatunaye tena. Pumzika kwa amani, kijana wetu." Nikaituma kwenye ukurasa.

Ilinipendeza. Nakuambia hilo pia, kwa sababu unakwenda kusomea habari na hakuna mwalimu atakayekwambia. Zile sura ndogo za kulia zilianza kupanda moja baada ya nyingine, watu wa Nairobi wakiuliza "lini? wapi?", nami nimesimama juani mwili umenisisimka. Sikuzunguka hata upande wa pili wa trela. Hatua kumi hivi. Sikuzipiga.

Upande ule walikuwa wamemtoa Wycliffe. Mguu wake ulikuwa umebanwa na umevunjika vibaya, lakini alikuwa hai na anazungumza. Mjomba wake aliposema mgonjwa kidogo, alikuwa na haraka na hofu, na alimaanisha mgonjwa kidogo.

Walimpandisha kwenye pikapu ya mtu wa mahindi, wakamfunika turubai kwa sababu ya jua. Na hapo ndipo watu wangu walipofika. Nasema wangu kwa sababu mimi ndiye niliyewaita. Bodaboda kutoka Malava, bodaboda kutoka Butali, akina mama wakipiga ukemi wa msiba, wanafunzi wamevalia sare, gari la mtu aliyesimama katikati ya barabara ili apige picha vizuri. Kona ikafungika pande zote mbili. Pikapu haikuweza kwenda mbele wala kurudi nyuma. Dereva alipiga honi mpaka honi ikapoteza sauti. Vijana waliizunguka, simu zimeinuliwa, na mmoja akafunua turubai ili arekodi maiti.

Maiti akaomba maji.

Watu wanaisimulia sehemu hiyo wakicheka, na Wycliffe mwenyewe huicheka. Mimi nilikuwa karibu na niliona macho yake. Alikuwa anatafuta mtu anayemjua katikati ya zile simu.

Justus ndiye aliyeifungua barabara. Alisimama juu ya lile rundo la miwa na sauti yake ya darasani, akawa anawaita watu kwa majina, wewe rudisha pikipiki, wewe sogeza gari, wewe ulikuwa mwanafunzi wangu, weka simu mfukoni. Lakini ilichukua muda mrefu sana. Daktari alisema baadaye kwamba mguu ungefikishwa mapema, wangejaribu kuuokoa. Walimkata mguu chini ya goti. Alikuwa mshambuliaji wa timu yetu, unakumbuka alivyokuwa akikimbia.

Pikapu ilipoondoka, Justus alifuta maneno yangu akaandika mapya: Wycliffe yuko hai, ameumia, yuko njiani kwenda hospitali, tafadhali acheni barabara wazi. Hakuna aliyeamini. Akanijia. Alikuwa ameshaona ukurasa, na watu wenye paswadi tulikuwa wawili tu. Hakuniuliza kitu. Alisema, "Nenda kwa Mama Wycliffe. Anayemwamini ni wewe."

Nilikwenda mbio, nikiwa na furaha ya kijinga kwamba mara hii nina habari njema. Nilimkuta amelala chini uani, kanga imefunguka, wanawake wamemshika. Dada yake alikuwa amempigia kutoka Nairobi akilia. Nikapiga magoti.

"Mama Wycliffe, yuko hai. Ameumia mguu tu. Twende hospitali."

Aliinua kichwa. Akanitazama. "Hivyo ndivyo uliniambianga."

"Leo ni kweli. Haki ya Mungu."

"Hata baba ya Wycliffe ulisema ni mgonjwa kidogo. Tukatembea mpaka kwa mpera." Akanyoosha mkono kuonyesha lango. "Usinidanganye, ndugu yangu. Baisikeli umeacha nje ya boma. Wewe huachanga baisikeli nje kama mtu amekufa."

Niligeuka. Ilikuwa pale nje, imeegemea ua, kengele haijapigwa. Sikukumbuka kuiacha hapo. Mikono yangu ilikuwa imefanya kile ilichozoea.

Nilimpakia kwenye bodaboda nami nikapanda nyuma yake, nikimshikilia. Alilia msiba wa mwanawe njia nzima mpaka Kakamega. Kila nilipomwambia yuko hai alilia zaidi, maana kwake kila neno la upole kutoka kwangu lilikuwa hatua nyingine ya ile safari ya kwanza. Aliacha kulia jioni, walipotuingiza wodini baada ya upasuaji akamshika Wycliffe uso. Halafu akaona blanketi lilivyolala bapa upande mmoja, akaanza upya.

Kwenye baraza la kijiji, watu walitaka kujua nani aliandika. Ukurasa ulikuwa wa Mwalimu, kwa hiyo macho yote yalikuwa kwake. Nilikuwa nimekaa safu ya pili. Justus aliinuka na goti lake, akasema, "Ukurasa ni wangu, makosa ni yangu. Nawaomba msamaha, na zaidi namwomba Mama Wycliffe." Akaketi. Hakutazama upande wangu hata kidogo. Wiki hiyo akaufunga ukurasa.

Nami nikanyamaza. Nilijiambia nitasema kesho, na kesho nikawa na shughuli. Unajua nilichokuwa nafikiria? Kwamba hata kwa kunyamaza amenishinda. Mtu yule alibeba kosa langu mbele ya kijiji, nami badala ya kumshukuru nikamwonea wivu jinsi alivyolibeba vizuri.

Lililo baya zaidi ni la nyumbani. Jioni ya baraza tulikuwa tunakula obusuma na mboga, ukasema, "Baba, Mwalimu alikosea sana. Mimi siwezi kumwamini tena." Nikakumegea kipande kikubwa cha ugali, nikasema, "Watu hukosea, mama." Ndani nilikuwa nimefurahi. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu ulikuwa wangu peke yangu. Furaha ile ilidumu muhula mmoja. Kisha ukamsamehe, ukarudi kwake kuazima vitabu, na wakati huo ulimpenda zaidi kwa sababu alikuwa mtu mzima aliyekubali kosa lake hadharani. Uliniambia hivyo wewe mwenyewe, ukiwa umesimama pale mlangoni. Uliniambia mimi.

Mwezi uliopita ulirudi kutoka Ekero na damu kwenye mkono wa sweta. Ulisema pikipiki mbili ziligongana mbele yako. Nikakuuliza kama ulipiga picha, na nilikuuliza kwa hofu ambayo hukuielewa. Ukasema hapana, ulikuwa umemshikia mama mmoja shingo isigeuke, halafu ukasimama barabarani kupunga magari yapite polepole mpaka msaada ukafika, na kuna kijana alitaka kurekodi ukamwomba akushikie mkoba badala yake. "Mwalimu alinifundisha," ukasema. "Mikono kwanza, simu baadaye."

Nililala vibaya siku ile. Nilitaka kukwambia somo hilo ni langu, mimi ndiye niliyelilipia. Halafu nikakumbuka aliyelilipia ni Wycliffe.

Leo asubuhi nilikwenda kibandani kwake pale kona, anaposhona viatu. Nilimpa kiatu changu cha kulia, na alipokuwa ameinama nikamwambia. Yote, mpaka zile hatua kumi. Sindano ilisimama, kisha ikaendelea. Alinishonea kiatu mpaka mwisho. Akasema, "Mama usimwambie wewe. Atakuona na baisikeli tu aanze kutetemeka. Wacha nimwambie mimi, pole pole." Sikupata msamaha, wala sikuomba. Alinirudishia kiatu, akageukia mteja mwingine.

Kutoka hapo nikaenda kwa Justus. Niliingia na baisikeli mpaka ndani ya boma, nikapiga kengele, akatoka akicheka. Nikamwambia kwamba nakuandikia barua, na kwamba ndani yake kuna jina la mwenye kosa. Alisema hakuna haja. Nikasema ipo, maana unakwenda kufanya kazi ya habari ukidhani mtu aliyekulea hajawahi kufanya ubaya kwa kidole kimoja. Siku moja utasimama kwenye kona nyingine, mtu mwingine akikujia mbio na simu yake, na lile joto litakupanda. Usidhani wewe ni wa damu tofauti. Ni damu yangu hiyo. Zunguka trela kwanza uone.

Kisha nikamwomba jambo, na hili ndilo lililonichukua siku nyingi kuliko kukiri. Siku yangu ikifika, Nekesa, utakuwa mbali. Kuna watu watakaotaka kuwa wa kwanza, kama nilivyotaka mimi, na sitaki uone sura yangu kwenye kioo cha simu ukiwa kwenye foleni ya chakula. Wala sitaki mtu akupigie aseme Baba ni mgonjwa kidogo, uje, ukasafiri kutoka Nakuru mpaka hapa ukilia bila kujua unalilia nini. Maneno yale niliyachakaza mimi.

Kwa hiyo nimemwomba Justus akupigie. Atakuuliza kwanza kama umeketi. Kama ni ugonjwa atasema ni ugonjwa, nawe umwamini, uje kwa mwendo wa kawaida. Kama nimekufa atakwambia nimekufa, na atakaa kwenye simu mpaka umalize. Amekubali. Akaniuliza, "Na nikikutangulia?" Nikamwambia basi nitakupigia mimi, na nilitamani iwe hivyo, Mungu anisamehe, ili angalau mara moja nimpite.

Unaona? Wivu bado ninao. Kesho tutapita kwake na sanduku. Shuka umuage tena, na sasa unajua unamuaga nani. Kaa muda wowote unaotaka. Nitakuwa nje nimeshika baisikeli, nikiona wivu, kwamba siku ile sauti utakayoisikia itakuwa yake na siyo yangu.

Mimi baba yako,
niliyeandika maneno yale.